Rangi ya Nyota Haitoshi Kutaja Umri Wake

Fungunyota changa ni mkusanyiko wa nyota, mamia hadi makumi ya maelfu, zilizozaliwa pamoja katika wingu moja la gesi na vumbi na ambazo bado zimeshikwa na mvutano wao wenyewe. Kwa miaka mingi vitabu vya astronomia vililichukulia fungu la namna hii kuwa nyota za rika moja: umri mmoja, kemia moja, tofauti ikiwa tungamo tu. Darubini za angani zimelitikisa wazo hilo. Picha za Hubble zimeonyesha kwamba nyota za fungu moja changa zinaweza kujipanga katika mistari miwili ya rangi badala ya mmoja, na wengi wamekimbilia kusema kwamba fungu hilo lina vizazi viwili. Msimamo wa safu hii ni kwamba, kwa mafungunyota mengi, tafsiri hiyo si sahihi. Mchanganyiko upo kweli, lakini kinachozitenganisha nyota hizo zaidi ni kasi ya kujizungusha, si tarehe ya kuzaliwa. Umri utajwe mwisho, baada ya mzunguko, nyota pacha, vumbi na nyota za kupita kutolewa hesabuni.

Mada hii inaweza kuonekana ya mbali, lakini anga lake liko juu ya Tabora. Mji huo uko digrii 5 kusini ya ikweta, na Nebula ya Jabari, kitalu cha nyota changa kilicho karibu miakanuru 1,300 kutoka duniani, iko digrii 5 na dakika 23 kusini ya ikweta ya mbingu. Kwa hiyo kila inapovuka anga la Tabora hupita karibu utosini kabisa, kwa tofauti isiyofikia upana wa mwezi mpevu. Mwishoni mwa Januari hufika hapo kabla ya saa nne usiku, ingawa mawingu ya masika mara nyingi huificha. Kiangazi kina hazina yake: mwishoni mwa Agosti, kwenye saa tatu usiku, fungunyota M11 la kundinyota la Ngao hupita zaidi kidogo ya digrii moja kutoka utosini, na darubini ndogo ya mkononi hulionyesha kama doa la ukungu. Mwishoni mwa Septemba, saa kumi na moja alfajiri, Wingu Kubwa la Magellan husimama karibu digrii 25 juu ya upeo wa kusini. Galaksi hiyo ndogo, iliyo umbali wa miakanuru 160,000 hivi, ndiyo yenye mafungunyota machanga yaliyochunguzwa zaidi na Hubble.

Njia nzima ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Mpwapwa na Ugogo hadi Tabora na Ujiji, iko takriban kati ya digrii 5 na digrii 6 na nusu kusini, hivyo anga hilo lilikuwa la wapagazi wote wa karne ya 19. Lilikuwa pia chombo cha kazi. Wasafiri Burton na Speke, waliofika Kazeh, eneo la Tabora, mnamo Novemba 1857, walitegemea urefu wa nyota juu ya upeo kujua wako latitudo gani. Msafiri mwingine, Livingstone, aliyekaa Kwihara, karibu na Tabora, kuanzia Februari hadi Agosti 1872 akisubiri watu na vifaa, alikuwa na desturi ya kumpelekea vipimo vyake Thomas Maclear, mwanaastronomia wa Rasi ya Tumaini Jema, ili avikokotoe. Msafiri alipima nyota ili ajue yeye yuko wapi. Mtafiti wa leo anaipima ili aijue nyota yenyewe. Kanuni imebaki ileile: kipimo kimoja kisichosahihishwa humpeleka mtu pasipo.

Njia ya kawaida ya kusoma umri wa fungunyota ni mchoro wenye rangi ya nyota upande mmoja na mwangaza wake upande wa pili. Nyota zinazounguza hidrojeni kwenye kiini hujipanga katika mstari wa mshazari uitwao safu kuu: zenye tungamo kubwa juu, za samawati na zenye kung'aa, zenye tungamo dogo chini, nyekundu na hafifu. Nyota kubwa humaliza mafuta yake mapema, hivyo kadiri fungu linavyozeeka safu kuu hukatika kutoka juu kwenda chini. Mahali mstari unapokunja kuelekea upande wa nyota nyekundu ndipo saa ya fungu ilipo. Ikiwa nyota zote zilizaliwa wakati mmoja, na kila moja inafuata kanuni zilezile, mkunjo unapaswa kuwa mwembamba kama ukingo wa kisu.

Mkunjo mwembamba haukuonekana. Mwaka 2007 picha za Hubble za NGC 1846, fungu la Wingu Kubwa la Magellan lenye umri wa zaidi kidogo ya miaka bilioni moja na nusu, zilionyesha mikunjo miwili. Mwaka 2009 uchunguzi wa mafungu 16 ya umri wa kati katika galaksi hiyo ulikuta mkunjo mpana au uliogawanyika katika 11 kati yake. Ukisomwa kwa saa ya kawaida, upana huo ulimaanisha kwamba nyota ziliendelea kuzaliwa kwa miaka milioni 100 hadi 300. Mwaka 2018 mafungu 13 ya Mawingu ya Magellan, yenye umri wa miaka milioni 40 hadi bilioni moja, yalichapishwa pamoja. Yote yalikuwa na mkunjo mpana, na yale yenye chini ya miaka milioni 800 hivi yalikuwa na safu kuu iliyochanika mara mbili: mstari wa samawati wenye nyota chache na mstari mwekundu zaidi wenye nyota nyingi.

Kichocheo cha mchaniko huo kinaweza kuonekana katika nyota moja tu. Achernar, ambayo Tabora huiona ikipanda hadi digrii 38 upande wa kusini, inajizungusha kwa kasi kubwa mno hata imebonyea. Vipimo vya mwaka 2003, vilivyofanywa kwa darubini kadhaa zilizounganishwa nchini Chile, vilikuta kwamba kiuno chake ni kipana kuliko kipenyo chake cha ncha hadi ncha kwa zaidi ya nusu. Hugo von Zeipel alikwisha kueleza mwaka 1924 kinachofuata: kwenye kiuno cha nyota iliyobonyea mvutano ni dhaifu, kwa hiyo uso wa hapo hupoa na kuwa mwekundu zaidi, huku ncha zikibaki moto na za samawati. Nyota ileile ikielekeza ncha kwetu huonekana moto na angavu; ikielekeza kiuno huonekana baridi na hafifu. Juu ya hayo, mzunguko wa kasi hukoroga tumbo la nyota na kushusha hidrojeni mpya kwenye kiini, hivyo maisha yake huongezeka. Kwa njia hizi mbili, pembe ya kutazamia na mkorogo wa ndani, nyota za umri mmoja hutawanyika kwenye mchoro kana kwamba ni za umri tofauti.

Fikiria wapagazi walioondoka Bagamoyo siku moja, mmoja akibeba ushanga na mwingine mzigo mzito wa nyaya za shaba. Anayesimama kwenye lango la Tabora akihesabu wanaofika atamwona wa nyaya akifika siku kadhaa baada ya mwenzake. Asipoitazama mizigo, ataandika kwamba misafara miwili ilitoka pwani siku mbili tofauti. Kasi ya kujizungusha ndiyo mzigo wa nyota, na mchoro wa rangi na mwangaza unaonyesha lango tu.

Ushahidi kwamba mzunguko ndio kisababishi kikuu unatoka pande kadhaa zisizotegemeana. Wa kwanza ni wa moja kwa moja. Mwanga wa nyota inayojizungusha haraka huwa na mistari ya spektra iliyotanuka, kwa sababu upande mmoja wa nyota unatujia na mwingine unatukimbia. Katika NGC 1818, fungu lenye miaka milioni 40 hivi, spektra zilizochapishwa mwaka 2018 zilikuta nyota za mstari wa samawati zikiwa na wastani wa kasi ya kilomita 70 hivi kwa sekunde, na za mstari mwekundu kilomita 200 hivi kwa sekunde. Katika mwaka huohuo setilaiti ya Gaia, iliyorushwa Desemba 2013, ilithibitisha kwamba mkunjo mpana upo hata katika mafungunyota ya galaksi yetu wenyewe, M11 likiwamo. Na spektra za nyota za M11 zilionyesha kwamba rangi kwenye mkunjo inakwenda sambamba na kasi ya mzunguko.

Wa pili ni nyota zenye pete za gesi. Nyota inayokaribia kasi ya kujipasua humwaga gesi kiunoni, na gesi hiyo hung'aa katika rangi nyekundu ya hidrojeni. Hubble ina kichujio kiitwacho F656N kinachopitisha kipande chembamba cha mwanga wa nanomita 656 tu. Picha ya kichujio hicho ikilinganishwa na ya kichujio kipana, nyota zenye pete hujitokeza zenyewe, na katika NGC 1850 zilipatikana kwa wingi karibu na mkunjo. Mfano wa jirani upo katika Kilimia, kundi ambalo wakulima wamelitumia tangu zamani kujua majira ya kupanda: Pleione, mojawapo ya nyota zake, ni nyota ya namna hiyo, na pete yake huja na kutoweka kadiri miaka inavyopita. Kilimia chenyewe ni fungunyota changa, lenye zaidi kidogo ya miaka milioni 100, na mwaka 2015 darubini ya angani ya Kepler ilipima vipindi vya mzunguko wa nyota zake nyingi kwa kufuatilia madoa yanayopita usoni.

Wa tatu ni wa kimantiki. Kama mkunjo mpana ungetokana na vizazi, upana wake kwa miaka usingejali umri wa fungu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015 ulikuta kinyume: kadiri fungu lilivyo na umri mkubwa, ndivyo tofauti ya umri inayoonekana inavyoongezeka, kwa kiasi kilekile kinachotabiriwa na mzunguko. Isitoshe, nyota zenye tungamo chini ya mara 1.5 hivi ya Jua hupunguzwa kasi na usumaku wao. Fungu likizeeka hadi nyota za tungamo hilo zifike kwenye mkunjo, upana unapaswa kufifia. NGC 1978, fungu lenye miaka bilioni 2 hivi, halina mkunjo mpana. Katika NGC 1651, nyota zilizokwisha kutoka kwenye safu kuu zimejipanga kwenye mstari mwembamba usioruhusu vizazi vilivyoachana kwa mamia ya mamilioni ya miaka, kama ilivyochapishwa mwaka 2014.

Kazi hii haiwezi kufanywa vizuri kutoka ardhini pekee, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni msongamano. Hewa ya dunia huifanya nyota ionekane kama doa lenye upana wa sekunde moja ya tao hivi, yaani sehemu moja ya 3,600 ya digrii. Katikati ya fungu la Magellan doa hilo humeza nyota nyingi. Hubble, iliyorushwa Aprili 1990 ikiwa na kioo cha mita 2.4, hutenganisha vitu vilivyoachana kwa chini ya sehemu ya kumi ya kipimo hicho. R136, kiini cha Nebula ya Tarantula, ni fundisho tosha: katika miaka ya 1980 baadhi ya wataalamu waliiona kuwa nyota moja yenye tungamo mara elfu na zaidi ya Jua, kabla ya picha kali kuonyesha kwamba ni fungu lililosongamana. Sababu ya pili ni urujuanimno. Sehemu kubwa ya mwanga huo huzuiwa au kufifishwa na hewa, ilhali ndimo mistari miwili ya safu kuu inamoachana kwa uwazi zaidi, hasa kwa kichujio cha nanomita 336.

Hapa ndipo kosa la kwanza la kawaida linapoingia. Wengi huamini kwamba James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021 ikiwa na kioo cha mita 6.5, imeifanya Hubble kuwa chombo cha kizamani. Webb haina jicho la urujuanimno. Mwanga wake unaanzia rangi ya machungwa na kwenda ndani ya infraredi. Inapenya vumbi, inaona nyota hafifu za tungamo dogo na zile zilizo bado ndani ya vifuko vyao, lakini haiwezi kuchukua nafasi ya Hubble katika kutenganisha nyota za kasi na za pole. Vyombo hivi viwili vinasaidiana, na fungu lililotazamwa na kimoja tu limetazamwa nusu.

Kosa la pili ni kuchanganya mafungunyota machanga na ya kale. Mafungu ya kale ya mpira, kama Omega Centauri linaloonekana Tabora kwa macho mwanzoni mwa kiangazi, yana makundi ya nyota yanayotofautiana kikemia: heli, nitrojeni, oksijeni na sodiamu havilingani. Huo ni mchanganyiko wa aina nyingine, na asili yake bado inabishaniwa. Ushahidi wa kemia ya namna hiyo umeonekana katika mafungu ya Magellan yenye takriban miaka bilioni 2 na kuendelea, si katika machanga zaidi kwa uwazi uleule. Kuchukua maelezo ya Omega Centauri na kuyabandika kwenye fungu changa kama NGC 1866 ni kuruka hatua ambayo hakuna aliyeipima.

Kosa la tatu ni kusahau nyota za kupita. Fungu la Magellan linatazamwa kupitia nyota za Njia Nyeupe, galaksi yetu, na kwenye mandhari ya nyota za galaksi yake mwenyeji, ambazo nyingi ni za kale. Pembeni ya NGC 1850 kuna fungu dogo lenye miaka milioni chache tu, likiwa karibu kabisa na jirani yake mwenye takriban miaka milioni 100. Asiyetenganisha mambo haya atagundua vizazi popote anapotaka. Nyota pacha nazo huleta udanganyifu wao: nyota mbili zinazolingana, zisizoweza kutenganishwa na darubini, huonekana kama moja yenye mwangaza mara mbili, na kuchora mstari wa pili juu ya safu kuu. Vumbi lisilo sawa huzifanya nyota za upande mmoja wa fungu kuwa nyekundu kuliko za upande mwingine.

Kosa la nne liko upande wa pili, nalo ni la wale wanaoipenda mno hoja ya mzunguko: kudai kwamba hakuna fungu changa lenye umri uliochanganyika. Yapo. Katika eneo la R136, Hubble ilionyesha mwaka 2012 mikusanyiko miwili inayotofautiana kwa takriban miaka milioni moja, inayoelekea kuungana. Katika fungu la Nebula ya Jabari, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 ulipata mistari hadi mitatu ya nyota changa, inayoweza kuwa vizazi vitatu ndani ya miaka milioni mbili hivi, ingawa nyota pacha hazijatolewa kabisa kama maelezo mbadala. Katika NGC 346, ndani ya Wingu Dogo la Magellan, Webb imekuta nyota zenye miaka milioni 20 hadi 30 zikiwa bado na sahani za gesi na vumbi. Tofauti kati ya mifano hii na ile ya mwanzo ni kipimo. Wakati fungu linazaliwa, tofauti ya miaka milioni moja au mbili ni jambo la kawaida, kwa kuwa wingu halibadiliki kuwa nyota kwa siku moja. Tofauti ya miaka milioni 200 katika fungu lililokwisha kupoteza gesi ni dai zito, na gesi ya kutosha kuzaa kizazi kipya imetafutwa katika mafungu ya Magellan bila kupatikana.

Tiba ya kwanza ni mpangilio wa kazi. Kabla ya kutaja umri, nyota zisizo wanachama ziondolewe kwa kupima mwendo wao angani: Gaia kwa mafungu ya karibu, picha za Hubble zilizoachana kwa miaka kwa yale ya Magellan. Kisha vumbi lipimwe kipande kwa kipande, nyota pacha zihesabiwe, na nyota zenye pete zitambuliwe kwa kichujio cha nanomita 656. Baada ya hapo mchoro ulinganishwe na kielelezo cha nyota za umri mmoja zenye kasi na pembe tofauti. Umri uliotawanyika ukubaliwe tu pale kielelezo hicho kinaposhindwa. Tiba ya pili ni spektra, kwa sababu rangi peke yake haitaji kasi. Darubini kubwa za kusini mwa dunia, SALT ya Afrika Kusini ikiwa mojawapo, ziko mahali pazuri kwa Mawingu ya Magellan, na muda wake utumike kwa mafungu ambayo Hubble imekwisha kuyapiga picha. Tiba ya tatu iko kwa waandishi wa habari za sayansi: waseme makundi ya nyota pale ambapo umri haujathibitishwa, na neno kizazi walihifadhi kwa ushahidi wa umri.

Tiba ya nne haihitaji darubini. Vipimo vya Gaia, vya nyota zipatazo bilioni 1.8 katika toleo la Juni 2022, viko wazi kwa yeyote mwenye kompyuta na intaneti, na picha za Hubble nazo huwekwa hadharani. Mwanafunzi wa fizikia wa Tabora au Dodoma anaweza kuchota nyota zilizo ndani ya robo digrii kutoka katikati ya M11, akabakiza zile zenye mwendo unaolingana, akachora rangi dhidi ya mwangaza, na kuuona mkunjo mpana kwa macho yake katika muda wa mchana mmoja. Zoezi hilo linafundisha takwimu, mwanga na uangalifu wa hitimisho kwa wakati mmoja, na linastahili kuingia katika mafunzo ya walimu wa sayansi.

Swali linalobaki wazi ni kwa nini nyota za fungu moja hugawanyika katika kasi mbili badala ya kutawanyika kidogokidogo. Wapo wanaosema nyota za pole zilipunguzwa kasi na mvutano wa mwenzi wa karibu. Wengine wanasema ni mazao ya nyota mbili zilizoungana. Wengine wanaona kasi iliamuliwa mapema, kwa muda ambao sahani ya gesi iliishika nyota changa. Kila hoja ina utabiri wake: ya kwanza inahitaji nyota pacha zaidi kwenye mstari wa samawati, ya pili inahitaji nyota zinazoonekana changa kuliko fungu lao, ya tatu inahitaji kasi mbili zionekane hata katika mafungu yenye miaka milioni chache. Vipimo vya kuamua kati yao ni spektra zilizorudiwa za nyota zilezile kwa miaka kadhaa, ili mwendo wa nyota pacha ujulikane, zikiambatana na picha za urujuanimno kabla Hubble haijamaliza maisha yake ya kazi.